Aliuza Haradali, Akaandika Tamthilia, Akamficha Mwanawe Maisha Yake Yote

Angalia bango lolote kubwa pale mjini. Kuna picha ya soda, kuna dada anacheka meno yote nje, kuna maneno matano au sita ambayo baada ya wiki mbili hata makonda wa daladala wanayatania. Jina la kampuni lipo, tena kwa herufi kubwa. Jina la mtu aliyekesha akiyatafuta yale maneno matano halipo popote. Ndo kazi ilivyo: unaandika, unalipwa, unanyamaza.

Dorothy L. Sayers aliifanya kazi hiyo London miaka mia moja iliyopita. Wanaomfahamu leo wanamfahamu kwa riwaya zake za upelelezi, na watu wa kanisani wanamfahamu kwa tamthilia zake. Jina lake liko kwenye majalada ya vitabu mpaka kesho. Ila kabla ya majalada kulikuwa na mabango, na nyuma ya mabango kulikuwa na mtoto wa kiume. Mabosi zake hawakumjua mtoto huyo, wazazi wake hawakumjua, na wasomaji wake walikuja kumjua wakati mwandishi mwenyewe alishafariki zamani.

Shahada isiyolipa kodi

Dorothy alizaliwa Oxford, Uingereza, mwaka 1893, mtoto pekee wa mchungaji wa Kianglikana. Alikulia kijijini, kwenye nyumba ya kanisa, baba akimfundisha Kilatini wakati watoto wengine wa umri wake bado wanahangaika na alfabeti. Mwaka 1912 akapata nafasi Somerville, chuo cha wanawake pale Oxford, na 1915 akamaliza na daraja la kwanza kwenye Kifaransa.

Shahada hakupewa. Enzi hizo wanawake walihudhuria mihadhara na kufanya mitihani, ila joho lilikuwa la wanaume. Alisubiri mpaka 1920, Oxford ilipobadili kanuni zake, ndo akaitwa pamoja na wanawake wa kwanza kabisa kupewa shahada pale.

Haya, joho kapata. Kodi ya chumba je? Alifundisha shule, akafanya kazi kwa mchapishaji wa vitabu, akaenda Ufaransa kufanya kazi kwenye shule moja ya huko, akarudi, akahamia London akiishi kwa kuungaunga. Baba yake alikuwa anamsaidia hela. Yeyote aliyewahi kumaliza chuo halafu akampigia mzazi simu kwa sauti ya upole kuliko kawaida anaijua vizuri hali hiyo.

Katika kipindi hicho cha njaa ndipo alipomtunga Lord Peter Wimsey, mpelelezi bwana mkubwa, mtoto wa ukoo wa kitajiri, anayefuatilia mauaji kwa kujifurahisha tu. Baadaye Dorothy alieleza wazi utajiri ule ulitoka wapi. Alipochoshwa na chumba chake cha bei rahisi, alimpangia Wimsey fleti ya kifahari mtaa wa Piccadilly. Zulia lake lilipochakaa, Wimsey aliagiziwa zulia la Kifaransa la bei mbaya. Alipokosa nauli ya basi, Wimsey alipewa Daimler. Akawashauri na wengine wenye kipato kidogo wajaribu mtindo huo, maana haugharimu hata senti.

Mwaka 1922 mambo yakabadilika. Kampuni ya matangazo ya S. H. Benson, mtaa wa Kingsway, ilimwajiri kuandika maneno ya matangazo. Mshahara wa kuanzia ulikuwa paundi 4 kwa wiki. Si utajiri, ila ni hela inayoingia kila wiki, na mtu aliyewahi kuishi bila hiyo anajua tofauti yake. Ofisi ile ilikuwa na ngazi ya chuma ya kuzunguka, vijana wasomi wengi wenye midomo mirefu, na wateja wanaobadilisha neno lako zuri dakika ya mwisho kwa sababu mke wa bosi hakulipenda. Dorothy aliipenda ile kazi. Alikuwa na akili ya haraka, anapenda kucheza na maneno, na hakuwa na aibu ya kuchekesha.

Mimba ambayo ofisi haikuiona

Kwenye mapenzi mambo hayakwenda hivyo. Mwanaume aliyempenda kweli alikuwa mwandishi mwenzake. Jamaa alisema haamini ndoa, hataki watoto, anataka tu waishi kwa uhuru wao. Dorothy alitaka ndoa na watoto. Wakavutana, wakaachana. Haukupita muda mrefu, jamaa yule yule asiyeamini ndoa akaoa mwanamke mwingine. Kuna watu wangeandika posti ndefu ya kulia. Dorothy alimwandikia barua, na barua hizo ziko mpaka leo, zimejaa hasira ya mtu mwenye akili anayejua amefanyiwa nini.

Kabla hata kidonda hakijakauka, alikuwa ameshaangukia kwa mwanaume mwingine, wa aina tofauti kabisa: mtu wa magari na mambo ya injini, mchangamfu, hana kazi ya kueleweka. Kitabu hasomi, ila anajua kumfanya mtu acheke. Mwaka 1923 Dorothy akagundua ana mimba. Na jamaa ana mke.

Sehemu inayofuata ingekuwa kwenye filamu ya Bongo, watu wangesema mwandishi kazidisha. Mke wa yule mwanaume ndiye aliyekuja kumsaidia. Alimtafutia mahali pa kujifungulia, mji wa Southbourne pwani ya kusini mwa Uingereza, mbali na macho ya London, na kaka yake, ambaye alikuwa daktari, ndiye aliyemhudumia. Wanawake wawili ambao walikuwa na kila sababu ya kushikana nywele walikaa chini wakapanga.

Ofisini Dorothy aliendelea kuandika matangazo huku tumbo linakua chini ya nguo pana. Alikuwa mnene kidogo, watu hawakushtuka. Krismasi hakwenda nyumbani kwa wazazi, akatoa sababu ya kazi na uandishi. Kwa mwajiri aliomba likizo ya ugonjwa. Tarehe 3 Januari 1924 akajifungua mtoto wa kiume.

Alikuwa na binamu yake wa kike aliyekuwa akiishi na mama yake maeneo ya Oxford, na kazi yao ilikuwa kulea watoto wa watu. Dorothy alimwandikia kuuliza kama angeweza kumpokea kichanga kimoja, akilieleza suala hilo kana kwamba ni la rafiki. Binamu alipokubali, mwisho wa mwezi huo Dorothy akamwandikia tena: hakuna rafiki, mtoto ni wangu, naomba usimwambie mtu. Akampeleka. Akarudi Kingsway, akapanda ile ngazi ya chuma, akakaa kwenye meza yake. Wenzake wakamuuliza anaendeleaje na afya.

Ni rahisi leo kumhukumu. Ila piga hesabu za mwaka 1924. Mwanamke asiye na mume akijulikana ana mtoto, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, hela ya kumlipa binamu inatoka wapi? Kazi iliyomlazimisha kumficha mtoto ndiyo iliyokuwa inamlisha mtoto. Dorothy alikuwa na kamba moja tu, na kamba hiyo ilikuwa imemfunga na kumshikilia asizame kwa wakati mmoja.

Klabu ya haradali na ndege wa Guinness

Basi akachapa kazi. Mwaka 1926 Benson walitoa kampeni ya haradali ya Colman's iliyobaki kwenye historia ya matangazo ya Uingereza. Walibuni klabu ambayo haikuwepo, Mustard Club, yenye viongozi wa kubuni waliopewa majina ya utani ya vyakula na kanuni za kuchekesha. Kwenye mabasi ya London yakabandikwa maswali kama baba wa familia ameshajiunga. Watu wakaanza kuomba kujiunga kweli, beji zikatengenezwa, klabu ya uongo ikawa na wanachama wa ukweli. Leo vijana wa masoko wangesema imetrendi. Dorothy alikuwa mmoja wa vichwa vilivyokuwa nyuma yake.

Halafu kuna Guinness, hiyo hiyo bia nyeusi isiyokosekana kwenye baa za Nairobi na Dar. Matangazo yake ya zamani yaliyochorwa na John Gilroy yana ndege aina ya toucan, mdomo mkubwa wa rangi, na kishairi kinachochezea jina la ndege huyo. Kila anayesimulia habari za tangazo lile hulitaja jina la Dorothy kama mtunzi. Linatajwa tu, kwa sababu chini ya tangazo hakuna sahihi. Watu wengi walilijua shairi lile kwa moyo kuliko walivyojua riwaya yake yoyote.

Mwaka huo huo wa 1926 aliolewa. Mume wake alikuwa mwandishi wa habari, mtalaka, aliyepigana Vita ya Kwanza ya Dunia. Habari ya mtoto aliijua na hakuikimbia. Mpango ulikuwa mtoto aje kuishi nao siku moja. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Afya ya mume ikaharibika, kazi zikampungua, chupa ikaongezeka, na mke akawa ndiye mwenye kulisha nyumba. Siku hiyo moja haikufika. Katikati ya miaka ya 1930 mtoto aliambiwa kwamba Dorothy na mumewe wamemchukua kama mtoto wao wa kulea, akaanza kutumia jina la ukoo la mume. Lakini hakuwahi kuhamia. Kwake Dorothy alikuwa binamu mkubwa, mwandishi maarufu, anayelipa ada, anayeandika barua nzuri na kuja mara moja moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vitabu vilikuwa vinauza vya kutosha na Dorothy alikuwa ameshaachana na ofisi. Akaiandikia kwaheri yake. Riwaya ya Murder Must Advertise, ya 1933, iko ndani ya kampuni ya matangazo inayofanana na Benson kama pacha. Mwandishi wa matangazo anaanguka kwenye ngazi ya chuma ya kuzunguka, anakufa, na Wimsey anaingia kuchunguza akijifanya mfanyakazi mpya. Anapogundua ukweli, kuna genge la wauza unga linalotumia herufi ya kwanza ya tangazo la gazetini kupeana ishara ya wapi mzigo utagawiwa.

Hapo Dorothy alikuwa anasema kitu kizito huku anachekesha. Aliweka wauza unga na wauza matangazo chumba kimoja, wote wakiwauzia ndoto watu waliochoka. Alijua anachosema kwa sababu alikuwa muuzaji. Lakini ukisoma kitabu kile unaona pia mapenzi: kelele za ofisi, chai ya saa kumi, utani wa wafanyakazi, raha ya kulipata neno sahihi saa kumi na moja jioni. Mtu anaweza kuikosoa kazi yake na bado akaikumbuka.

Jukwaani, jina lake limeandikwa

Tamthilia zilianza kama mchezo tu. Akiwa na rafiki yake wa tangu chuo, Muriel St. Clare Byrne, waliandika Busman's Honeymoon, Wimsey akiwa kwenye fungate na maiti iko chini ya nyumba. Ikafunguliwa London Desemba 1936, ikakaa jukwaani miezi mingi. Dorothy alionja kitu ambacho tangazo halijawahi kumpa: kukaa ukumbini gizani na kusikia watu wakicheka pale pale alipotaka wacheke.

Mwaka 1937 tamasha la Kanisa Kuu la Canterbury likamwomba tamthilia. Miaka miwili nyuma yake waliigiza ya T. S. Eliot, kwa hiyo viatu vilikuwa vikubwa. Watu walijiuliza, huyu mama wa riwaya za mauaji na haradali ataandika nini cha kanisani? Akaandika The Zeal of Thy House, juu ya fundi mkuu Mfaransa, William of Sens. Huyu ni mtu wa kweli. Kanisa la Canterbury liliungua mwaka 1174, watawa wakamwita alijenge upya, na akiwa katikati ya kazi alianguka kutoka juu kwenye mirunda akaumia vibaya. Ikabidi arudi Ufaransa na jengo likamaliziwa na mwingine.

Dorothy alimfanya William kuwa fundi hodari kupita kiasi, mwenye kiburi cha kuamini kwamba bila yeye hakuna jengo. Kuanguka kunamvunja mwili. Kinachomvunja roho ni kukubali kwamba kazi yake nzuri kuliko zote itakuzwa na mikono ya mtu mwingine, na itasimama tu. Watazamaji wa Canterbury walidhani wanaangalia habari za mawe. Mama aliyeandika maneno yale alikuwa na kijana wa miaka 13 anayekuzwa na mikono ya mtu mwingine.

Krismasi ya mwaka 1938 redio ya BBC ilirusha mchezo wake mwingine, He That Should Come, kuhusu usiku wa kuzaliwa Yesu. Nyumba ya wageni imejaa, watu wanagombana kuhusu kodi na siasa na chakula, na katikati ya vurugu zile kuna binti anataka kujifungua na hana pa kulala. Zilikuwa zimepita Krismasi 15 tangu ile aliyojificha akisubiri uchungu. Mwanawe alikuwa amebakiza siku 9 kutimiza miaka 15.

Kiki iliyomwangukia yenyewe

Halafu ikaja ile iliyotikisa nchi. Vita ya Pili ya Dunia ikiwa moto, BBC ilimwagiza michezo 12 ya redio juu ya maisha ya Yesu, mwanzoni kwa ajili ya kipindi cha watoto. Mhariri mmoja akaanza kumrekebisha: neno hili gumu, sentensi hii watoto hawataelewa. Huyu ni mwanamke aliyekaa miaka Benson akiona wateja wanachezea maneno yake na yeye anameza. Safari hii jina lililokuwa juu ya kazi lilikuwa lake. Aliuchana mkataba na kuurudisha vipande. BBC ikamhamishia kwa mkuu wa tamthilia, Val Gielgud, na kazi ikaendelea kwa masharti ya mwandishi.

Mchezo ulikuwa na mambo mawili ya hatari. La kwanza, Yesu anaongea, kwa sauti ya mwigizaji. Sheria za udhibiti wa majukwaa Uingereza zilikuwa haziruhusu Kristo kuigizwa mbele ya watazamaji, na redio ilipita kwa sababu studio haina watazamaji. La pili, mitume wanaongea kama watu. Mathayo mtoza ushuru anaongea Kiingereza cha mtaani London, anamwambia Filipo kwamba amepigwa hela kizembe, kama kijana wa Kariakoo anavyomwambia mgeni aliyeuziwa simu feki.

Desemba 1941 Dorothy aliwasomea waandishi wa habari vipande vya mchezo, na magazeti yakachukua yale maneno ya mtaani tu. Moto ukawaka. Vyama vya kidini vikakusanya sahihi, barua zikamiminika kwa BBC na kwa Askofu Mkuu, swali likafika mpaka Bungeni. Na nchi nzima, ambayo labda ingepitwa na mchezo wa dini Jumapili jioni, ikakaa karibu na redio kusikia hicho kinachogombaniwa ni nini. Februari 1942 Wajapani walipoiteka Singapore kutoka kwa Waingereza, wapo waliosema ni adhabu ya Mungu kwa sababu ya mchezo ule.

Watu waliosikiliza walisema kingine. Wengi waliandika kwamba kwa mara ya kwanza walisikia habari ile kama jambo lililowatokea watu. Mchezo ulipochapwa kitabu, The Man Born to Be King, mwaka 1943, Dorothy aliwashukuru wapinzani wake kwenye utangulizi kwa matangazo waliyompa bure. Mtu wa Benson ni mtu wa Benson. C. S. Lewis, mwandishi wa hadithi za Narnia, alikuwa akikisoma tena kitabu kile kila Juma Takatifu.

Kwa hiyo usiambiwe kwamba kazi ya ofisini ilimchelewesha. Kwenye matangazo alijifunza kuongea na abiria wa basi aliyechoka, mwenye sekunde tano tu, asiyemdai mtu chochote. Mitume wake wanaongea vile kwa sababu mwandishi wao alishakaa miaka akiwatafutia maneno watu wanaonunua haradali.

Sahihi iliyobaki

Mwaka huo huo wa 1943 Askofu Mkuu wa Canterbury, William Temple, alitaka kumpa shahada ya heshima ya udaktari wa theolojia. Fikiria mtu aliyewahi kunyimwa joho kwa sababu ni mwanamke, leo joho kubwa kuliko lote linamfuata nyumbani. Alikataa. Kwa adabu, ila alikataa. Baadhi ya walioandika maisha yake wanaiona ile siri ya 1924 nyuma ya jibu hilo.

Na hapo ndo penye ugumu wa kumtetea. Mwaka 1924 alinyamaza kwa sababu angepoteza kazi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1930 bosi hakuwepo tena, na wazazi wote wawili walishafariki bila kujua kwamba wana mjukuu. Sababu za kwanza zilishakwisha, ila kimya kilibaki, na kila tamthilia ya kanisa ilikiongezea uzito. Mtu anayejulikana kwa kuandika habari za Mungu anaanzaje kusimama na kusema? Riwaya zilikuwa na jina lake. Michezo ilikuwa na jina lake, na aliipigania mpaka kuchana mkataba. Kijana aliyekuwa anasoma kwa bidii, aliyekuja kuingia Oxford kama mama yake, alibaki kama lile shairi la Guinness.

Hakumtelekeza. Alimlipia, alimwandikia, alimfuatilia masomo, na mali yake alimwachia yeye. Wapo watoto waliolelewa na baba na mama ndani ya nyumba moja wasiopata nusu ya hayo. Lakini ada ya shule na neno "mama" ni vitu viwili, na yule mtoto alipewa kimoja.

Dorothy alifariki ghafla tarehe 17 Desemba 1957, nyumbani kwake Witham, alipotoka London kununua zawadi za Krismasi. Alikutwa chini ya ngazi. Alikuwa katikati ya kutafsiri shairi kubwa la Dante, na sehemu iliyobaki ilimaliziwa na rafiki yake, Barbara Reynolds. Habari za mtoto zikawafikia wasomaji kupitia kitabu cha mwaka 1975, na watu wakashangaa kama kawaida yao.

Mwenyewe hakushangaa. Alishajua akiwa kijana. Kuna siku alihitaji cheti chake cha kuzaliwa, akaomba nakala, akaletewa karatasi ya serikali. Mwaka 1924 Dorothy angeweza kudanganya ofisi, wazazi na majirani, ila mtoto lazima aandikishwe. Kwenye sehemu ya mama palikuwa na jina kamili, halina ufupisho wala utani: Dorothy Leigh Sayers.